Kujenga Mfumo wa Kukusanya Data za Miuoni Ukiwa Mwanza: Mwongozo Kamili, Kuanzia Tyubu Hadi Faili

Usiku mmoja wa mvua kubwa, faili letu lilionyesha kwamba miuoni, chembe ndogo sana zinazoshuka kutoka angani, zimeacha kushuka Mwanza. Kuanzia saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri kila dakika ilikuwa na sifuri. Binti mmoja wa kidato cha sita, makini kuliko wengi niliowahi kuwafundisha, akaandika kwenye ripoti yake kwamba mvua nzito huzuia miuoni. Hakukosea kusoma grafu. Grafu ndiyo iliyomdanganya. Umeme ulikuwa umekatika, na programu niliyoiandika ilikuwa inajaza sifuri kila penye pengo.

Tangu siku hiyo nafundisha jambo hili kabla ya jingine lolote. Sifuri maana yake ni "nilisikiliza, sikusikia kitu." Pengo maana yake ni "sikuwepo." Mfumo wa kukusanya data za fizikia ya chembe unajengwa ili hayo mawili yasichanganyike kamwe, na kila hatua utakayoisoma hapa inarudi kwenye hoja hiyo.

Huko CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, kwenye mtambo wa LHC wenye mzunguko wa kilomita 27, mafungu ya protoni hukutana kila nanosekunde 25, yaani mara milioni 40 kwa sekunde. Hakuna diski inayoweza kuhifadhi yote hayo. Kitambuzi cha CMS kina kiwango cha kwanza cha vifaa kinachochuja hadi matukio kama 100,000 kwa sekunde, kisha kompyuta nyingi huchuja tena hadi yabaki elfu chache tu. Sisi tunashughulika na tukio moja kwa dakika moja au mbili. Hata hivyo maswali ni yale yale: nini kinastahili kuandikwa, saa ngapi kilitokea, na ni muda gani mfumo ulikuwa umeziba masikio?

Tunachokipima

Miuoni ni chembe inayofanana na elektroni, ila ina uzito wa takribani mara 207. Huzaliwa juu sana angani pale mionzi ya kosmiki, itokayo anga za mbali, inapogonga hewa, na wastani wa maisha yake ni maikrosekunde 2.2 tu. Kwenye usawa wa bahari hupita kama moja kila dakika kwenye kila sentimita mraba iliyolala. Sisi tuko mita 1,134 juu ya bahari pale maji ya ziwa yalipo, na vilimani zaidi ya hapo, kwa hiyo tunazipata nyingi kidogo.

Ugumu wa Mwanza uko chini ya miguu. Mji huu umekaa juu ya graniti, na graniti ina potasiamu-40, urani na thori, ambazo hutoa mionzi ya gama usiku na mchana. Ukiwasha tyubu moja ya Geiger, kifaa kinachotoa mlio kila mionzi inapokigonga, kwenye darasa lililojengwa juu ya mwamba, sehemu kubwa ya milio utakayoisikia inatoka kwenye jiwe. Tyubu moja haiwezi kutenganisha jiwe na anga, ila mbili zinaweza.

Gama kwa kawaida hugonga tyubu moja na kuishia hapo. Miuoni hutoboa ya juu, ikapita, ikatoboa na ya chini kwa wakati ule ule. Mapigo mawili yanayokuja pamoja nayaita mapigo pacha. Njia hii ilianzishwa na Walther Bothe na Hans Geiger katika miaka ya 1920, na Bothe alipata Tuzo ya Nobel kwa ajili yake mwaka 1954. Mwaka 1930 Bruno Rossi alichapisha sakiti ya kielektroniki iliyofanya kazi hiyo kwa haraka zaidi, na mifumo yote ya leo ya triga, yaani ile inayoamua tukio lipi liandikwe, ina damu ya sakiti ile.

Hatua ya kwanza: tyubu, volti na usalama

Ninatumia tyubu mbili za chuma za aina ya SBM-20. Kila moja ina urefu wa milimita 108 na unene wa kama sentimita moja, na hufanya kazi kwa volti 400. Kila tyubu iwe na bodi yake ya volti kubwa. Ukizilisha zote mbili kutoka bodi moja, pigo la tyubu moja linaweza kutikisa volti ya mwenzake ukapata mapacha wa uongo. Kwenye upande wa anodi (ncha chanya) weka rezista ya megaohm 5.1, karibu kabisa na tyubu, sio mwisho wa waya mrefu.

Volti 400 sio za kuchezea. Betri ikishatolewa, kapasita bado inashikilia chaji, kwa hiyo gusisha rezista ya megaohm 1 kati ya pande zake mbili na usubiri kabla hujaweka mkono. Kwa wanafunzi nina sharti moja: mkono mmoja kazini, mwingine mfukoni. Boksi halifunguliwi mtu akiwa peke yake.

Kuna kosa linaloua tyubu nyingi. Multimita ya kawaida ina ukinzani wa megaohm 10, na bodi hizi ndogo hazina nguvu ya kuubeba mzigo huo. Utasoma volti 250 wakati tyubu ilikuwa inapata 400. Ukizungusha skrubu ya volti kwenye bodi mpaka multimita isome 400, ukiiondoa tu tyubu inapata volti nyingi kupita kiasi. Dawa ni kuunganisha rezista kumi za megaohm 100 mfululizo, kisha multimita ije mwishoni. Utakachosoma zidisha kwa 101. Yaani ukisoma volti 3.96, tyubu ina 400. Kama rezista hizo hazipatikani kwa mafundi redio wa Makoroboi hapa Mwanza, ziagize na usubiri. Usikisie.

Panga tyubu moja juu ya nyingine, sambamba, zikiwa zimeachana sentimita 5. Katikati weka bamba la chuma la unene wa sentimita 1 au 2. Fundi wa kuchomelea atakukatia. Bamba hilo huzuia elektroni iliyong'olewa na gama kwenye tyubu ya kwanza isirukie ya pili. Wako watakaokushauri uyeyushe risasi ya betri za gari, au chubwi za wavuvi, ili upate bamba zito. Kataa. Mvuke na vumbi la risasi huharibu ubongo wa watoto, na chuma kinatosha.

Hatua ya pili: kuingiza mapigo kwenye maikrokontrola

Bodi nyingi za Geiger hutoa pigo la volti 5 linaloshuka kwenda sifuri kisha kurudi. Ukitumia maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) ya Arduino Uno, linaingia moja kwa moja. Ukitumia ESP32 au Raspberry Pi, pini zake huvumilia volti 3.3 tu, basi gawanya volti kwa rezista mbili: kiloohm 10 kutoka kwenye pigo, kiloohm 20 kwenda ardhini, na pini ichukue katikati.

Napendekeza uanze na Uno, toleo la R3. Ina kumbukumbu ya kilobaiti 2 tu, na ufinyu huo hukufundisha nidhamu. Tyubu A iende pini ya 2, tyubu B pini ya 3. Pini hizo mbili zina intarapti: pigo likifika, maikrokontrola huacha chochote inachofanya, hushughulikia pigo, kisha hurudi kwenye kazi yake.

Ndani ya kipande hicho cha programu fanya mambo matatu tu: soma saa, weka namba ya chaneli, tupia vyote kwenye foleni. Usichapishe kitu kwenye skrini wala kuandika kwenye memori kadi. Memori kadi ina tabia ya kunyamaza ghafla kwa mililisekunde 100 hata 200 inapopanga mambo yake ya ndani, na kama intarapti inaingoja, kila pigo la muda huo linapotea bila wewe kujua. Foleni ya nafasi 48 inatosha. Kila tukio linachukua baiti 5, nne za muda na moja ya chaneli, jumla 240. Sehemu nyingine ya programu, isiyo na haraka, ndiyo inayomwaga foleni kwenye kadi. Inapochukua tukio kutoka kwenye foleni ifunge intarapti kwa maikrosekunde chache tu, la sivyo pigo jipya litaandikwa juu ya lile linalonakiliwa.

Na foleni ikijaa? Hapo ndipo mfumo mzuri unapojitofautisha na mbaya. Mfumo mbaya hutupa pigo kimya kimya. Wako uongeze namba moja kwenye kihesabio cha waliopotea, na kihesabio hicho kiandikwe kwenye faili kila dakika. Mitambo mikubwa hufanya hivyo hivyo: kitambuzi kikielemewa hutuma ishara ya "nina shughuli", triga inasimama, na muda wa kusimama unahesabiwa.

Hatua ya tatu: dirisha la mapacha

Je, mapigo mawili yakaribiane kiasi gani ndipo tuyaite pacha? Tyubu za Geiger zina uzito wa kuitikia. Pigo huweza kuchelewa maikrosekunde chache. Isitoshe, intarapti ya A ikiwa inaendelea, ya B husubiri zamu. Nimeweka dirisha la maikrosekunde 50.

Hesabu ya mapacha wa bahati mbaya ni rahisi: zidisha mara mbili ya dirisha kwa kasi ya tyubu A, kisha kwa kasi ya tyubu B. Tuseme kila tyubu inapiga mara 24 kwa dakika, yaani 0.4 kwa sekunde. Kwa dirisha la maikrosekunde 50 unapata pacha wa uongo mmoja au wawili kwa siku. Ukizembea ukaweka dirisha la mililisekunde 10, utapata zaidi ya 270 kwa siku. Mapacha wa kweli, kwa tyubu za ukubwa huu zikiachana sentimita 5, nategemea kama 30 hadi 50 kwa saa, tuseme elfu moja kwa siku. Uongo mmoja kwenye elfu hausumbui. Uongo 270 kwenye elfu umeshaharibu kazi.

Ushauri wangu, na hapa sitetereki: hata kama unaweza kuchagua mapacha papo hapo ndani ya maikrokontrola, andika kila pigo, la A na la B, likiwa na muda wake. Kwa kasi yetu nafasi ipo tele. Dirisha utalibadilisha baadaye kwenye kompyuta mara nyingi upendavyo. Pigo ambalo hukuliandika halirudi.

Hatua ya nne: saa

Uno ina saa inayohesabu maikrosekunde tangu iwashwe, ikipiga hatua za maikrosekunde 4. Kila baada ya dakika 71 na nusu hivi namba hujaa na kurudi sifuri. Kama hukulizingatia hilo, kila dakika 71 grafu yako itaonyesha kitu cha ajabu. Nimeona mwanafunzi akikitafutia sababu kwenye jua.

Kwa saa ya ukutani ongeza moduli ya DS3231, ambayo hukosea kama dakika moja kwa mwaka. Tahadhari: moduli nyingi za bei nafuu za saa hii zina dayodi ndogo inayochaji betri. Ukiweka betri ya CR2032, isiyochajiwa, inaweza kuvimba. Ing'oe dayodi hiyo kwanza.

Kuna mtego mwingine ambao miongozo ya kigeni haitakuambia. Kompyuta inasema 08:00, daftari la maabara linasema saa 2, na zote mbili ni sahihi. Kisha faili linasema 05:00 kwa sababu liko kwenye saa ya dunia, UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Tulipoteza wiki nzima tukilinganisha radi iliyoandikwa "saa 2 usiku" na data za saa 2 ya kompyuta. Sasa sheria ni hii: faili ni UTC daima, daftari linaandikwa saa ya Kiswahili, kwa sababu ndiyo wanafunzi wanayoifikiria, lakini lazima neno asubuhi, mchana, jioni, usiku au alfajiri liambatane nayo, na pembeni iandikwe UTC. Saa 2 usiku ni 17:00 UTC. Karatasi ya kubadilishia imebandikwa kwenye mfuniko wa boksi.

Hatua ya tano: faili lenyewe

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, nami nitakaa hapa kidogo. Tazama mistari mitatu:

E,31,05:00:17,412604,A
E,31,05:00:17,412612,B
H,31,05:01:00,59.990,24,26,1,0,0,887.4,25.1

Herufi E ni tukio. Namba 31 inasema mfumo huu umewashwa mara ya 31 tangu uzaliwe. Inafuata saa, kisha maikrosekunde ndani ya sekunde hiyo, kisha chaneli. Tofauti ya mistari miwili ya kwanza ni maikrosekunde 8: hao ni pacha. Angalia pia kwamba namba zote mbili zinagawanyika kwa 4. Ukiona isiyogawanyika, kuna kosa kwenye programu au mtu amegusa faili.

Mstari wa H ni pigo la moyo. Huandikwa kila dakika hata kama hakuna kilichotokea. Baada ya saa unakuja muda hai, yaani sekunde ambazo mfumo ulikuwa unasikiliza kweli. Kila pigo huizima SBM-20 kwa takribani maikrosekunde 190. Mapigo 50 yamekula sekunde 0.0095, ndiyo maana tuna 59.990 na sio 60. Kisha mapigo ya A, ya B, mapacha, waliopotea kwenye foleni, chaneli shahidi (nitaieleza), mgandamizo wa hewa na joto.

Mstari wa H ukiwa na sifuri za mapigo, ni sifuri ya kweli. Mstari wa H usipokuwepo, ni pengo. Hakuna programu ya kuchora grafu inayoruhusiwa kujaza kitu hapo. Na namba ya kuwashwa ikiruka kutoka 31 hadi 34, unajua umeme ulirudi na kukatika mara kadhaa hata kama hukuwepo. Namba hiyo hifadhi kwenye EEPROM ya Uno, ambayo haisahau umeme ukizima. Huvumilia kuandikwa mara 100,000. Kwa kuwashwa tu, itakuzika.

Kila ukihesabu kasi, gawanya kwa jumla ya muda hai, usigawanye kwa muda wa kalenda. Yule binti aliporudia grafu yake hivi, usiku wa mvua ulibaki na nafasi tupu ya saa nane, na pande zake mbili mstari ulikuwa umenyooka. Alifuta sentensi yake ya mvua mwenyewe.

Kila dakika, baada ya kuandika H, lazimisha kadi ihifadhi. Umeme ukikatika unapoteza dakika moja, sio siku.

Hatua ya sita: ujaribu mfumo kabla ya kuliuliza anga

Chukua Uno ya pili, iunganishe pale tyubu ilipokuwa, uipe kazi ya kutoa mapigo 1,000 kamili. Uno yako ihesabu 1,000. Sio 998. Kisha yafanye yaje bila mpangilio, kama ya kweli: chagua namba yoyote kati ya sifuri na moja, chukua logi yake ya asili, geuza alama, gawanya kwa kasi unayoitaka, upate muda wa kusubiri. Pandisha kasi kidogo kidogo hadi kihesabio cha waliopotea kianze kusogea. Hapo umejua kikomo cha mfumo wako, na jumla ya walioandikwa na waliopotea lazima ilingane na waliotumwa.

Baada ya kurudisha tyubu, chora mgawanyo wa muda kati ya pigo na pigo. Mapigo ya bahati nasibu hutoa mteremko laini: mengi yanakaribiana, machache yanaachana sana. Ukiona kilima kwenye mililisekunde 20, hiyo ni gridi ya umeme, mizunguko 50 kwa sekunde, inayoingia kupitia chaja au waya usiofunikwa. Sijaona kipimo kinachofichua uchafu wa umeme haraka kama hiki, na hakihitaji osiloskopu.

Halafu laza mfumo wote ubavu, tyubu zitazamane kwa ulalo. Mapacha yapungue sana, kwa sababu miuoni nyingi hutoka juu, na hupungua kadiri mraba wa kosaini ya pembe. Mapigo ya tyubu moja moja yabaki karibu vile vile. Kama mapacha hayapungui, unachokipima sio anga.

Hatua ya saba: radi, wadudu na unyevu

Ziwa Victoria lina dhoruba kali za radi, hasa usiku na alfajiri. Radi ikipiga hata mbali, nyaya zote mbili hupokea mshtuko kwa pamoja, na mfumo huandika pacha. Kwa hiyo niliongeza chaneli ya tatu: waya wa urefu ule ule, bodi ya aina ile ile, lakini bila tyubu. Ndiyo chaneli shahidi. Anga haliwezi kuigusa. Kelele ya umeme pekee ndiyo inayoweza. Shahidi akipiga ndani ya mililisekunde moja ya pacha, pacha huyo anawekewa alama. Hatumfuti, tunamwekea alama. Kwenye Uno pini za intarapti za kawaida zimeisha, lakini pini ya 4 inaweza kutumia intarapti ya mabadiliko ya pini. Wakati wa kujaribu, weka redio ya masafa ya kati karibu. Ikikwaruza, tazama kama shahidi ameitikia.

Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi hufuata taa. Ziba matundu ya boksi kwa kipande cha chandarua na ufunike taa zote za bodi kwa utepe mweusi. Weka pakiti za silika ndani, kwani unyevu huvujisha volti kubwa na kuzaa mapigo ya uongo alfajiri.

Umeme: betri ya volti 12, Ah 7, yenye kibadilishi cha kushusha hadi volti 5. Kwa mfumo unaokula wati 1.5, ukitumia nusu ya betri tu ili isife mapema, unapata saa 28. Paneli ndogo ya sola huijaza mchana. Chaja ya ukutani nimeiacha kabisa. Tangu hapo kile kilima cha mililisekunde 20 hakijarudi.

Kusoma data: mgandamizo wa hewa kwanza

Hewa ikiwa nzito, miuoni hupungua, kwa kadiri ya asilimia 0.1 hadi 0.2 kwa kila hektopaskali. Kwetu tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kwa mpangilio unaoweza kuuwekea saa: juu karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, chini karibu saa 10 jioni na saa 10 alfajiri. Tofauti ni hektopaskali chache. Kihisi cha BMP280 kinaiona waziwazi ndani ya siku moja.

Je, miuoni zako zitaionyesha? Hesabu kwanza. Mapacha 1,000 kwa siku yana mashaka ya kipeuo cha pili cha 1,000, yaani kama 32, asilimia 3. Badiliko unalolitafuta ni chini ya asilimia moja. Itakubidi ukusanye miezi, kisha uzirundike saa zinazofanana za siku zote pamoja. Ndiyo maana muda hai ni mali: kila siku ina mapengo yake, na saa 10 jioni huenda imepata dakika nyingi za kusikiliza kuliko saa 4 usiku.

Mtumbwini

Mwaka 1911 Mwitaliano Domenico Pacini alizamisha kipimo chake mita 3 chini ya bahari ya Livorno, akaona mionzi inapungua, akahitimisha kwamba sehemu yake haitoki ardhini. Mwaka mmoja baadaye Victor Hess alipanda na puto hadi zaidi ya mita 5,000 akakuta inaongezeka. Sisi tuna graniti na tuna ziwa, vyote viwili ndani ya mwendo wa nusu saa. Rudia sehemu ya kazi ya Pacini bila kuzamisha chochote.

Anza juu ya mwamba, kwa muda wa saa tatu. Kisha weka boksi kwenye mtumbwi wa injini, asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, kila mtu na jaketi okozi mwilini, mwende mbali na miamba hadi maji yawe ya mita kadhaa pande zote. Maji ya ziwa yana mionzi kidogo sana na yanaziba ile ya chini. Mapigo ya tyubu moja moja yatashuka. Dakika kumi zinatosha kukuonyesha. Mapacha yasibadilike, ila kwa hilo unahitaji subira: saa moja inakupa 40 hivi na mashaka ya 6, saa tatu zinakupa 120 na mashaka ya 11. Kaeni saa tatu.

"Mwalimu, mnavua nini hicho kisichohitaji nyavu?" nahodha wetu aliuliza mara ya kwanza. Binti yule yule wa ripoti ya mvua alimwonyesha skrini ndogo na kumweleza, akamwomba azime injini, kwa sababu plagi ya injini ilikuwa inamgusa shahidi. Nahodha akazima. Kwenye daftari aliandika: saa 1 na dakika 40 asubuhi, 04:40 UTC, injini imezimwa, namba ya kuwashwa 58, tunaanza kusikiliza.